Mwali wa Uluguru na Mwanafunzi wa Chuo Kikuu

Yakitajwa maneno "haki za uzazi", wengi katika sisi hukunja nyuso, wakidhani ni maneno yaliyoletwa na meli. Lakini tukiangalia khabari za Morogoro, mji ulio chini ya milima ya Uluguru, twaona kwamba elimu hiyo ilikuwapo kwetu zamani, tena ilikuwa na walimu wake, na sisi wenyewe ndio tulioiacha.

Waluguru hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mamake, na ardhi hurithiwa kwa njia hiyo, basi uzazi wa binti haukuwa jambo dogo. Zamani msichana alipovunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, na kukaa huko kuliweza kufika miaka. Wanawake wazima walimfunza khabari za hedhi, za mume, za mimba na za kulea. Hata kitoto cha mti, mwana hiti, alipewa akitunze. (Kitoto hicho, na mengi yaliyoimbwa ngomani, hatumwambii mtu ayarejeshe.) Nasi wa pwani tulikuwa na somo, aliyemfunza mwali kujitwahirisha kabla hajaingia nyumbani kwa mumewe.

Kisha ikaja skuli. Msichana wa darasani hawezi kufungiwa ndani miaka, na hilo si la kulilia. Lililoharibika ni kuwa mafunzo yale hayakupata mahali pengine. Mwalimu alidhani mama amekwisha kusema. Mama alidhani mwalimu atasema. Na maalim wetu, alipofika mlango wa hedhi katika kitabu cha fiqhi, aliusoma mbio mbio akapita.

Katika hali hiyo vikaja vyuo vikuu: Sokoine mwaka 1984, Mzumbe 2001, na Chuo Kikuu cha Waislamu kilichofunguliwa 2005 katika majengo yaliyokuwa ya Shirika la Umeme. Binti hutoka Tanga au Kilwa, akapanga chumba mbali na mama na somo. Aweza kueleza mahindi yanavyochavushwa, asijue hesabu ya siku zake mwenyewe. Mvulana naye hajui zaidi, ila yeye halipi.

Na malipo yalikuwa makubwa. Kwa miaka mingi msichana wa skuli aliyeshika mimba alifukuzwa. Ni Novemba 2021 ndipo Serikali ilipomruhusu kurudi darasani baada ya kuzaa. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikubali msichana aozwe na miaka 15, au 14 kwa idhini ya mahakama, na hali mvulana ni 18. Mahakama Kuu ikaamua mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vyapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha 2019. Aliyefika chuo kikuu bila ya kuyajua haya ameokoka kwa bahati tu.

Hapa hatusemi zina ihalalishwe. Zina ni zina. Lakini ujinga haujapata kuwa mlinzi wa heshima ya mtu. Khansa binti Khidham aliozwa na babake bila ya ridhaa yake, akamshitakia Mtume (S.A.W.), na ndoa ikabatilishwa. Yeye alikuwa amekwisha olewa kabla, na katika mas-ala ya bikira wanazuoni walikhitalifiana. Lakini binti anayejua khabari hiyo si sawa na asiyeijua. Jabir bin Abdallah alisimulia kwamba Masahaba wakifanya azli zama Qur'ani ikishuka. Naye Imam Ghazali, aliyekufa 1111, akiyataja makusudio ya mtu katika azli, alitaja hata kumhofia mke khatari ya kuzaa. Vitabu hivi vimo misikitini mwetu, rafuni.

Ummu Sulaym alimwendea Mtume akamwuliza kama mwanamke naye yampasa kuoga akiota ndoto. Bibi Ummu Salama alikuwapo, akajifunika uso kwa haya. Mtume hakulikataa swali, alilijibu.