Nani Anakuchagulia cha Kusoma? Historia Fupi ya RSS

Mtu akikuuliza leo umesoma nini, kuna uwezekano mkubwa utamtajia kitu ulichokutana nacho Facebook, X au kwenye grupu la WhatsApp. Hukukitafuta, kilikuja chenyewe. Na yule mwandishi unayempenda, ambaye uliapa kwamba tovuti yake hutaiacha? Ameandika mara tatu mwezi huu na huna habari. Kiungo alikiweka, ila algorithimu haikuona sababu ya kukuonyesha.

Tatizo hili lilipata dawa tangu mwaka 1999. Dawa yenyewe ni ya bure, bado inafanya kazi, na wengi wetu tunaitumia bila kujua jina lake: RSS, au tuseme mlisho wa wavuti.

Wazo lake ni jepesi. Tovuti inaweka faili dogo la maandishi lenye orodha ya makala zake mpya: kichwa, tarehe, muhtasari na kiungo. Wewe unakuwa na programu ya kusomea milisho. Unaipa anwani za tovuti unazozipenda, nayo inazipitia kila baada ya muda, nyumba kwa nyumba, ikibisha hodi: kuna jipya? Likiwepo, unaletewa kwa mpangilio wa tarehe. Mwenye tovuti hakuombi jina wala baruapepe. Ukimchoka, unamfuta, yameisha. Na kwa sababu ni maandishi matupu, bando halikati haraka.

Toleo la kwanza lilitoka Machi 1999 katika kampuni ya Netscape, kazi ya Ramanathan Guha na Dan Libby. Netscape ilikuwa na ukurasa ambapo msomaji alijichagulia vichwa vya habari kutoka tovuti mbalimbali. Lakini kampuni hiyo ilikuwa imeshanunuliwa na AOL, na mwaka 2001 AOL ikaachana na jambo hilo. Kingekuwa kitu cha kufungiwa kabatini, RSS ingefia hapo. Kilichoiokoa ni kwamba kanuni zake zilikuwa wazi, yeyote angeweza kuzichukua akaendelea nazo.

Wakazichukua wengi, na wakagombana kweli kweli. Dave Winer wa kampuni ya UserLand, aliyekuwa na muundo wake wa namna hiyo tangu 1997, alitaka mambo yabaki mepesi. Kundi lingine likatoa RSS 1.0 Desemba 2000. Ndani ya kundi hilo alikuwemo Aaron Swartz, kijana wa miaka 14. Hata kirefu cha hizo herufi tatu hawakukubaliana. Winer akatoa RSS 2.0 mwaka 2002, na mwaka uliofuata haki zake zikakabidhiwa Kituo cha Berkman, Chuo Kikuu cha Harvard. Waliochoshwa na malumbano wakaunda muundo mwingine, Atom, uliokuwa kiwango rasmi mwaka 2005. Mafahali walipigana, ila safari hii nyasi hazikuumia: programu za kusomea zilijifunza kusoma miundo yote.

Katikati ya ugomvi huo Winer aliongeza kitu kidogo: sehemu ya kuambatisha faili la sauti kwenye mlisho. Hapo ndipo podikasti zilipozaliwa. Juni 2005 Apple ikaziingiza kwenye iTunes, na mpaka leo sehemu kubwa ya podikasti unazosikiliza ukiwa kwenye daladala zinasafiri kwa RSS.

Huku kwetu nako kulikuwa na msisimko wake. Katikati ya miaka ya 2000 Ndesanjo Macha alikuwa akiandika Jikomboe kwa Kiswahili, na Michuzi akaanza kuweka picha na habari zake. Kenya Unlimited ilikusanya blogu za Wakenya mahali pamoja. Global Voices, iliyoanzia kwenye kituo kilekile cha Berkman, iliwasomea walimwengu blogu za nchi zetu, na Ndesanjo akawa mmoja wa wahariri wake. Hakuna aliyehitaji ruhusa ya mhariri wa Dar es Salaam au Nairobi ili asomwe. Alihitaji anwani, na wasomaji wanaojua kuifuata.

Kisha ikaja Google Reader, Oktoba 2005. Ilikuwa nzuri, ya bure, na ikawavuta karibu wote. Hapo ndipo kosa lilipoanza: kitu kilichoundwa kisiwe na mwenyewe kikapata mlango mmoja mkubwa. Machi 2013 Google ilitangaza kuufunga, na tarehe 1 Julai ukafungwa. Feedly ilisema ndani ya saa 48 tu baada ya tangazo ilipokea watu zaidi ya 500,000. Wengine hawakuhamia popote. Walirudi Facebook, wakasubiri kuletewa.

Nisiipambe kupita kiasi. Mlisho unaleta kilichoandikwa tu. Tanzania ilipoweka kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, zenye leseni na ada, baadhi ya wenye blogu walinyamaza, na hakuna programu ya kutibu ukimya huo. Lakini mwandishi akirudi hata baada ya miaka miwili, aliye na mlisho wake atajua siku hiyohiyo. Aliyetegemea algorithimu huenda asijue kabisa.

Kujifunza ni kazi ya nusu saa. Chagua programu: Feedly, Inoreader, au NetNewsWire kama unatumia vifaa vya Apple. Bandika humo anwani ya tovuti, mara nyingi mlisho utapatikana wenyewe. Usipopatikana, kwa tovuti nyingi za WordPress ongeza /feed/ mwishoni mwa anwani, na kwa za Blogger ongeza /feeds/posts/default. Kisha fanya jambo ambalo wahamaji wa 2013 walilishukuru: pakua orodha yako kama faili la OPML na ulihifadhi. Programu ikifungwa kesho, unaichukua orodha na kwenda nayo kwingine.

Anza na tovuti tano. Ile ya mwandishi uliyempoteza iwe ya kwanza.