Kadi mbili za grafiki kwenye kompyuta moja: zinaongeza kasi ya katuni kiasi gani?

Filamu ya katuni ya dakika tano ina picha 7,200. Sinema huonyesha picha 24 kila sekunde, kwa hiyo dakika moja ni picha 1,440, na dakika tano ni 7,200. Kila picha huitwa fremu. Katika katuni za pande tatu, ambazo mhusika anaweza kugeuka ukamwona ubavu na mgongo kama sanamu, hakuna anayechora fremu hizo kwa mkono. Kompyuta huzitengeneza moja baada ya nyingine, na kazi hiyo huitwa kurenda.

Kama fremu moja inachukua dakika mbili, fremu 7,200 zitachukua saa 240, yaani siku 10 usiku na mchana bila kuzima. Hapo ndipo kijana aliyejifunza kutengeneza katuni huambiwa: ongeza kadi ya pili. Kwa familia ya kijijini, bei ya kadi moja inaweza kuwa bei ya ng'ombe. Katika makala haya tunaeleza kadi ya pili inasaidia nini, haisaidii nini, na mambo ya kupima kabla ya kutoa fedha.

Kwa nini kurenda kunachukua muda?

Ili fremu ionekane halisi, kompyuta hufuata njia ya mwanga: unatoka wapi, unagonga nini, unaangukia wapi. Fremu ya ukubwa wa nukta 1,920 kwa 1,080 ina nukta zaidi ya milioni mbili, na kila nukta hukokotolewa mara nyingi. Katuni bapa, kama zile za Ubongo Kids zilizoanza kuonyeshwa Tanzania mwaka 2014, hazihitaji hesabu hiyo ya mwanga. Kama unatengeneza katuni za namna hiyo, huna haja ya kadi ya pili.

Prosesa ya kompyuta ni kama mafundi wachache wenye ujuzi mkubwa. Kadi ya grafiki, ambayo kiini chake ni GPU, ni kama kijiji kizima kilichokuja kupukuchua mahindi: kila mtu anafanya kazi ndogo, lakini watu ni wengi. Kadi ya NVIDIA RTX 3060, iliyotoka mwaka 2021, ina vitengo 3,584 vya kukokotoa.

Kugawana kazi hii si jambo jipya. Kampuni ya Pixar ilipotengeneza filamu ya Toy Story, iliyotoka mwaka 1995, ilitumia kompyuta 117 zilizorenda usiku na mchana. Tofauti ya leo ni kwamba mtu mmoja anaweza kuweka kadi mbili au zaidi ndani ya kasha moja la kompyuta.

Kasi haiongezeki mara mbili kamili

Tuchukue mfano wa Blender, programu ya bure ambayo vijana wengi hujifunzia. Ndani yake kuna njia ya kurenda inayoitwa Cycles, ambayo hufuata mwanga kama tulivyoeleza na inaweza kutumia kadi kadhaa kwa wakati mmoja. Unaingia kwenye mipangilio ya mfumo na kuweka alama kwenye kila kadi unayotaka ifanye kazi. Kadi si lazima zifanane, lakini kadi ya NVIDIA na kadi ya AMD hazirendi fremu moja kwa pamoja.

Kabla ya kukokotoa fremu, kompyuta huiandaa: inasoma maumbo, rangi na picha zote na kuzipeleka kwenye kadi. Sehemu hiyo haipungui kwa sababu tu umeongeza kadi. Tuseme katika zile dakika mbili, sekunde 20 ni za maandalizi na sekunde 100 ni za hesabu. Kadi mbili zinazofanana zitapunguza hesabu hadi sekunde 50, na fremu itachukua sekunde 70. Kadi nne zitaipunguza hadi sekunde 25, na fremu itachukua sekunde 45.

Kwa filamu yetu ya fremu 7,200, kadi moja inahitaji saa 240, kadi mbili saa 140, na kadi nne saa 90. Kadi ya pili imeokoa saa 100. Kadi mbili zilizofuata, kwa gharama mara mbili, zimeokoa saa 50 tu.

Kumbukumbu za kadi hazijumlishwi

Jambo hili ndilo huwapotezea watu fedha. Kila kadi ina kumbukumbu yake, na kila kadi lazima ibebe mandhari nzima ya fremu: nyumba, miti, watu na nguo zao. Fikiria mafundi cherehani wawili wanaokata sare kwa kitambaa kipana. Kila mmoja anahitaji meza inayotosha kutandaza kitambaa chote. Meza mbili ndogo hazigeuki kuwa meza moja kubwa.

Hivyo kadi mbili za GB 12 hazikupi GB 24. Mandhari ikizidi GB 12, kurenda kunaweza kugoma au kuwa kwa polepole sana hata ukiwa na kadi nne. Kadi chache, kama RTX 3090, zinaweza kuunganishwa kwa kiungo maalumu ili zigawane kumbukumbu, lakini RTX 4090 iliyotoka baadaye haina kiungo hicho. Kama tatizo lako ni kumbukumbu, nunua kadi moja yenye kumbukumbu kubwa badala ya mbili ndogo.

Umeme na uniti

RTX 3060 moja hutumia hadi wati 170. Kadi mbili ni wati 340. Ongeza takriban wati 160 za prosesa, feni na vifaa vingine, unafika wati 500. Usinunue pawa saplai ya wati 500 kamili, kwa sababu matumizi hupanda ghafla. Ya wati 750 kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika inatosha. Kila kadi ipate waya wake kutoka pawa saplai, kwa sababu waya mwembamba au kiunganishi cha bei rahisi huweza kuyeyuka na kuwaka moto.

Wati 500 ni nusu uniti kwa saa. Kwa saa 140 ni takriban uniti 70. Kompyuta yenye kadi moja hutumia takriban wati 330, lakini kwa saa 240, na hiyo ni uniti 79 hivi. Kwa hiyo kadi mbili hazili umeme mwingi zaidi kwa kazi ileile, kwa sababu kompyuta inamaliza mapema. Hata hivyo ni uniti nyingi kwa nyumba iliyo kwenye bei nafuu ya watumiaji wadogo, kwani ukivuka kiwango cha mwezi unalipa bei ya juu zaidi.

Kwa sola ya nyumbani, hesabu hii haikubali. Betri ya volti 12 na Ah 100 hubeba takriban uniti 1.2 ikiwa imejaa. Kompyuta ya wati 500 itaimaliza katika muda wa saa mbili hivi, na betri ya asidi haifai kumalizwa hadi mwisho. Katuni unaweza kuitengeneza kijijini kwenye kompyuta ndogo. Kurenda kupange kufanyike mahali penye umeme wa gridi.

Joto na nafasi

Hakikisha mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, ina nafasi mbili ndefu za kadi zilizo mbalimbali. Nafasi ya pili mara nyingi hupitisha data polepole kuliko ya kwanza, lakini kwa kurenda hilo halipunguzi kasi sana. Tatizo kubwa zaidi ni kadi kubanana. Kadi ya juu ikivuta hewa ya moto kutoka ya chini, itajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Acha nafasi kati yake, weka feni za kuingiza na kutoa hewa, na usafishe vumbi mara kwa mara, hasa chumba kikiwa na bati lisilo na dari.

Kama unanunua kadi iliyotumika, irendeshe mfululizo kwa nusu saa mbele ya muuzaji kabla ya kulipa. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki Septemba 2022, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo mchana na usiku ziliingia sokoni.

Umeme ukikatika

Usirende moja kwa moja kuwa video. Umeme ukikatika, faili lote linaweza kuharibika. Renda kila fremu kama picha yake, kisha uziunganishe kuwa video mwishoni. Katika mipangilio ya Blender, ondoa ruhusa ya kuandika juu ya faili lililokwisha kuwepo. Umeme ukirudi, kompyuta itaendelea na fremu zilizobaki, na utakuwa umepoteza ile moja iliyokuwa ikitengenezwa.

Kabla hujanunua

Kwanza, punguza kazi yenyewe. Punguza idadi ya mara ambazo kila nukta inakokotolewa, kisha tumia kisafisha chembechembe kilichomo ndani ya Blender. Hatua hiyo peke yake inaweza kuokoa muda mwingi kuliko kadi ya pili.

Pili, jaribu EEVEE, njia nyingine ya Blender inayokadiria mwanga badala ya kuufuata hatua kwa hatua. Filamu ya Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia ilirendwa kwa EEVEE, na mwaka 2025 ilishinda Oscar ya filamu bora ya katuni. Ukitumia EEVEE, kadi ya pili haiharakishi fremu, kwa sababu hutumia kadi moja tu.

Tatu, kama wewe na wenzako mna kompyuta mbili, ziunganisheni kwa kebo na kutumia folda moja. Mkiweka pia alama ya kuhifadhi nafasi ya fremu, kila kompyuta itachukua fremu ambayo nyingine haijaigusa.

Mwisho, renda fremu 10 za filamu yako na uandike mambo matatu: sekunde za maandalizi, sekunde za hesabu, na kumbukumbu iliyotumika. Hesabu ikichukua sehemu kubwa na kumbukumbu ikitosha, kadi ya pili itakusaidia. La sivyo, ng'ombe abaki zizini.