Maji ya Ruaha Mkuu na Suala la Kasi

Ilula ni mji mdogo wa Wilaya ya Kilolo, ulio kando ya barabara kuu iendayo Zambia, kilomita zipatazo 45 kabla ya kufika Iringa mjini. Wasafiri wanaujua kwa matenga ya nyanya na vitunguu yaliyopangwa barabarani. Kwa mwanafunzi wa historia ya nishati katika nchi yetu, Ilula inafundisha jambo jingine: ni mahali palipozungukwa na utajiri wa nguvu na kwa muda mrefu pakapitwa nao. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kusukuma mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likikatiza Nyanda za Juu za Kusini, ili kuiokoa Zambia baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwaka 1965. Kisha likaja bwawa la Kidatu upande wa mashariki, chini ya milima ya Udzungwa. Bwawa la Mtera upande wa kaskazini. Na baadaye Kihansi upande wa kusini. Mkulima wa Ilula alizungukwa na umeme pande tatu, naye kwa miongo mingi akapikia kuni na kuwasha kibatari.

Hali hiyo inafaa kukumbukwa leo, wakati dunia nzima inazungumza juu ya kasi. Mwezi Desemba 2023, mataifa yaliyokutana Dubai katika mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya mabadiliko ya tabianchi yalikubaliana kuongeza mara tatu uwezo wa mitambo ya nishati jadidifu duniani ifikapo mwaka 2030, yaani kufikia gigawati 11,000 hivi. Ni lengo jema, na hali ya dunia inalidai. Lakini sisi wa Nyanda za Juu tumekwisha kupitia kipindi cha kujenga umeme wa maji kwa haraka, na tuna haki ya kuuliza kilichotokea. Historia ya Ruaha Mkuu inaonyesha kwamba mitambo huweza kujengwa upesi kuliko mahusiano ya watu wanaoyategemea maji yale yale, na kwamba pengo kati ya mambo hayo mawili hulipwa na mnyonge kwanza, kisha na taifa zima.

Tuanze na ukoloni, japo kwa ufupi, kwa sababu hapo hakuna mengi ya kutuchelewesha. Makampuni ya umeme yaliyoundwa Tanganyika mwaka 1931 yalikuwa ya watu binafsi, na yalipeleka nguvu kule kulikokuwa na faida: Dar es Salaam, na mashamba ya mkonge ya Tanga yaliyohudumiwa na maporomoko ya Pangani. Mikoa ya kusini iliachiwa mitambo midogo midogo ya miji na ya misheni. Baada ya Uhuru, kuanzia mwaka 1964, Serikali ilinunua hisa za makampuni hayo, na kufikia mwaka 1975 Shirika la TANESCO lilikuwa mali ya umma kikamilifu. Kati ya miaka hiyo, Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliyahesabu maji, mafuta na umeme miongoni mwa njia kuu za uchumi. Msomaji ayaangalie maneno hayo yalivyokaa pamoja. Katika bonde la Ruaha maji ndiyo umeme, na anayeamua juu ya moja ameamua juu ya jingine.

Ujenzi wa Kidatu ulianza mwaka 1970 kwa mikopo ya Benki ya Dunia na msaada wa Sweden. Mwaka 1975 mitambo ya kwanza, megawati 100, ilianza kazi. Kufikia mwaka 1980 uwezo ulikuwa megawati 204. Hesabu ya wakati ule ilikuwa sahihi kabisa katika jambo moja. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na nchi isiyo na kisima hata kimoja ilikuwa inamwaga fedha zake za kigeni ili kuwasha taa. Kila megawati ya maji ilikuwa ni pamba na kahawa iliyookolewa. Bwawa la Mtera lilikamilika mwaka 1980 likiwa ghala la maji: maji ya masika yahifadhiwe huko, yafunguliwe kiangazi, yateremke Kidatu. Njiani huongezewa na mito ya Lukosi na Yovi; Lukosi hutoka katika nyanda za Kilolo yenyewe. Mwaka 1988 Mtera nayo ilipata mitambo yake, megawati 80.

Hivyo katika muda wa miaka chini ya ishirini taifa maskini lilikuwa limeacha kutegemea dizeli kwa sehemu kubwa ya umeme wa gridi yake. Wanaotufundisha leo juu ya nishati safi aghalabu hulisahau jambo hilo. Gridi ya Tanzania ilikuwa safi kabla neno lenyewe halijawa fasheni.

Upungufu ulikuwa mahali pengine. Juu ya Mtera, katika tambarare ya Usangu mkoani Mbeya, taifa lile lile lilikuwa linajenga mashamba makubwa ya mpunga kwa maji ya mito inayolisha Ruaha. Shamba la Mbarali lilijengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970. La Kapunga likafuata mwanzoni mwa miaka ya 1990. Yalikuwa chini ya shirika la umma la NAFCO, kila moja likiwa na hekta zipatazo 3,000. Wakulima wadogo walichimba mifereji yao kando ya mifereji ya Serikali, na wafugaji wakaja na ng'ombe wao kutoka Usukuma na kwingineko. Wizara moja ilipanga chakula, nyingine umeme, nyingine hifadhi ya wanyama. Kila moja ilikuwa na haki katika mpango wake, na mto ulikuwa mmoja. Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikauka kabisa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wakati wa kiangazi, na ukaendelea kukauka miaka iliyofuata.

Katika miaka hiyo hiyo mabwawa yalipungukiwa, na mgao wa umeme ukaingia mijini. Hapa ndipo uchambuzi unapohitaji uangalifu, maana hapa ndipo urasimu ulipopata jibu rahisi. Ilisemwa kwamba taa zimezimika Dar es Salaam kwa sababu wakulima na wafugaji wa Usangu wamekunywa maji ya Mtera. Jibu hilo lilirudiwa mpaka likawa kama ukweli wa shuleni. Lakini uchunguzi wa kitaalamu uliofanywa Usangu kati ya mwaka 1998 na 2001 ulileta picha nyingine. Mtera hujazwa na mafuriko ya masika. Maji ya kiangazi, yale ambayo mifereji ya wakulima huyapunguza sana, ni sehemu ndogo mno ya ujazo wa bwawa. Mifereji ile iliumiza kinamasi cha Ihefu na wanyama wa hifadhi, jambo hilo ni kweli na ni zito. Ila haikuweza peke yake kulikausha bwawa kubwa kama Mtera. Watafiti waliofuata walielekeza kidole kwa namna maji yalivyofunguliwa Mtera, ghala likitumiwa mapema mno ili kukidhi mahitaji ya umeme yaliyokuwa yakikua haraka kuliko mitambo. Mwaka 2006 maji ya Mtera yalikuwa yameshuka chini ya mita 690 juu ya usawa wa bahari, kiwango ambacho mitambo haikupaswa kuvuka.

Nani aliyelipa? Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na makundi yao, wengi wakielekezwa mikoa ya kusini, na mwaka 2008 eneo hilo likaingizwa katika Hifadhi ya Ruaha. Huo ulikuwa upande mmoja wa malipo. Upande wa pili ulilipwa na taifa: kwa kuwa maji hayakutosha, tulirudi kwenye mafuta, tena kwa haraka ya mtu anayezama. Mkataba wa IPTL wa miaka ya 1990 ulileta mtambo wa mafuta mazito Tegeta, uliotulazimu kulipia uwezo wa mtambo hata unapokaa kimya. Ukame wa mwaka 2006 ulizaa mkataba wa dharura wa Richmond, na baada ya taarifa ya Kamati Teule ya Bunge, Waziri Mkuu alijiuzulu Februari 2008. Kada asiichukulie mikasa hii kuwa ni habari ya tabia mbaya za watu wachache. Dharura ndiyo soko zuri kuliko yote kwa mwenye mtaji, kwa sababu mnunuzi hana muda wa kusoma mkataba.

Kihansi nayo ina somo lake. Kituo hicho, kinachopokea maji kutoka nyanda za Mufindi na Kilolo, kilifunguliwa mwaka 2000 kikiwa na megawati 180, na kwa kuwa maji yake huanguka zaidi ya mita 800 hakikuhitaji bwawa kubwa. Kiufundi ni kazi ya kupendeza. Ila chini ya maporomoko yake aliishi chura mdogo asiyepatikana mahali pengine popote duniani, aliyegunduliwa mwaka 1996, wakati mradi umekwisha kuanza. Ukungu wa maporomoko ulipokatika, chura alitoweka. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ameangamia porini, na waliohifadhiwa Marekani wakaanza kurudishwa mwaka 2012. Wapo wanaomcheka chura huyo. Wakumbuke kwamba yeye na mfugaji wa Usangu walikutwa na jambo moja: waliulizwa baada ya zege kukauka.

Baada ya hapo kasi ikahamia Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere, ambalo mkataba wake ulitiwa saini Desemba 2018, lilianza kujazwa Desemba 2022. Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na mitambo yote tisa, megawati 2,115, ilikamilika mwaka 2025. Taifa lilijenga kwa fedha zake wakati wakopeshaji wengi wamekunja mikono. Mwezi Machi 2024 umeme ulizidi matumizi hata vituo vingine vya maji vikapumzishwa. Mwaka mmoja baadaye Serikali ilieleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa sababu ya umeme unaopotea njiani ukisafirishwa kutoka kusini. Hakuna kinyume katika habari hizi mbili. Mitambo ilitangulia nyaya. Na maji ya Ruaha, pamoja na yale mengi zaidi ya Kilombero, huishia katika bwawa hilo hilo. Maswali ya Usangu yamehamia chini ya mto, hayajafutwa.

Turudi duniani. Mwaka 2024 mataifa yaliongeza gigawati zipatazo 585 za nishati jadidifu, sehemu kubwa ikiwa ya jua, na zaidi ya nusu yake nchini China. Mgao wa Afrika katika nyongeza hiyo ulikuwa mdogo sana, na katika fedha zinazowekezwa duniani kwa nishati safi bara letu hupata karibu asilimia 2 tu. Jua halina upungufu Singida wala Shinyanga, na paneli zimeshuka bei sana tangu mwaka 2010. Kinachotuchelewesha ni riba: mradi ule ule hugharimu zaidi ukijengwa hapa kuliko Ulaya kwa sababu mkopo wetu ni ghali zaidi. Mataifa yaliyoichafua hewa ndiyo yanayotupangia bei ya kuisafisha. Mkutano wa viongozi wa Afrika uliofanyika Dar es Salaam Januari 2025 ulilenga kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo mwaka 2030, na suala hilo la gharama ya fedha ndilo litakaloamua.

Ndani ya Nyanda za Juu ipo mifano mingine ambayo wanafunzi wetu huipita wakikimbilia mabwawa makubwa. Matembwe, mkoani Njombe, imekuwa na mtambo wake mdogo wa maji tangu miaka ya 1980. Mawengi, wilayani Ludewa, wanavijiji wenyewe wana chama cha watumiaji wa umeme. Mwenga, wilayani Mufindi, kituo cha megawati 4 kimehudumia viwanda vya chai na vijiji jirani tangu mwaka 2012, na mwaka 2020 kiliongezewa mitambo ya upepo. Megawati hizi haziwezi kuendesha reli wala viwanda vya saruji, na anayedai kwamba zinatosha anatudanganya. Lakini mahali hapo anayeishi kwenye chanzo cha maji ndiye anayewasha taa, kwa hiyo ana sababu ya kulinda msitu bila kutishwa na mgambo.

Sababu hiyo ndiyo inayokosekana kwingi. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini aanze kazi mwaka 2007 nyaya zimefika karibu vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Kijiji kufikiwa si kaya kuunganishwa, na kaya kuunganishwa si jiko kuacha kuni. Ndiyo maana mkakati wa mwaka 2024 umeweka lengo la asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Huku Kilolo, mkulima hulima vinyungu, bustani za mabondeni zinazotumia unyevu wa kiangazi, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 humwamuru akae mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Amri hiyo ina msingi. Ila huambiwa kwamba maji yanakwenda kuzalisha umeme, naye hunyweshea nyanya zake kwa pampu ya petroli anayoinunulia mafuta kwa bei ya dunia. Pampu ya jua ingemtoa katika gharama hiyo, kama angepata mkopo wa kuinunua kabla ya mavuno na si baada yake.

Sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 inaruhusu jumuiya za watumia maji, na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina ofisi zake Iringa. Kada wa Kilolo hahitaji kungoja mkutano mwingine wa Dubai ili kuanza kazi. Kina cha Mtera hupimwa, na kiasi kinachofunguliwa kinajulikana; hesabu hizo zisomwe katika mkutano wa kijiji cha Ilula kama zinavyosomwa mezani kwa wahandisi, na mkulima wa kinyungu aulize mbele ya wote maji yaliyopita kwake mwaka huu yamewasha nini, na kwa bei gani.