Siti ya Inchi 17: Historia ya Kukaa (na Kubanwa) Kwenye Ndege za Ndani

Kila wikiendi mtandaoni kuna picha moja inayojirudia: bawa la ndege, wingu, na maneno mawili matatu ya kuwajulisha walimwengu kwamba mtu yuko zake juu. Kinachokosekana kwenye picha hizo ni magoti. Huwezi kuona kwamba mpiga picha amekunja miguu kama yuko kwenye daladala ya Mbagala saa moja asubuhi, wala kwamba jirani yake keshateka egemeo la mkono tangu mlango haujafungwa.

Picha ikishapanda, hakosi mzee wa familia wa kuguna. Zamani ndege zilikuwa ndege, anasema. Viti vipana, chakula cha moto, mtu unavaa suti kwenda uwanjani. Siku hizi mnapakiwa kama dagaa. Vijana wanacheka na kukubali, maana nani atabishana na mtu aliyekuwepo? Lakini ukifuatilia hadithi ya kiti cha ndege hapa Afrika Mashariki, mzee ana haki nusu tu. Nusu nyingine ameisahau, na pengine ameisahau kwa makusudi.

Tuanzie Nairobi, 1929. Mama mmoja mjane wa Kizungu alitoa pesa yake kuanzisha kampuni ya ndege, akishirikiana na rubani aliyemwamini. Ndege ya kuanzia ilikuwa Gipsy Moth, yenye nafasi mbili tu: moja ya rubani, moja ya abiria, na juu hakuna paa. Abiria alikaa mbele, rubani nyuma yake, upepo wote wa Athi ukimpiga usoni. Hapo hakuna cha kulalamikia egemeo la mkono. Ulivaa miwani mikubwa, kofia ya ngozi na koti zito, ukashuka masikio yanavuma. Uwanja ule mdogo wa Nairobi bado upo na bado unaitwa kwa jina la ukoo wa yule mama: Wilson. Watalii wanaoenda Maasai Mara wanapita pale kila siku bila kujua.

Ulaya miaka hiyo ya 1920 ndege za abiria zilifungwa viti vya kusukwa kwa fito, vile vinavyofanana na vya barazani. Haikuwa mapambo. Injini zilikuwa dhaifu, kila kilo ilihesabiwa, na kiti cha fito ni chepesi. Hilo lishike, maana ndilo linaloendesha hadithi yote mpaka leo: kiti cha ndege hakijawahi kutengenezwa kwa kumfikiria aliyekikalia peke yake. Kuna mizani pale, na baadaye kukaja kikokotoo.

Kama kuna kipindi ambacho mzee angekuwa na haki kamili, ni 1937. Mwaka ule zile ndege kubwa za Uingereza zinazotua majini zilianza safari za kwenda Durban, zikipita Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Ndiyo, Lindi. Ndani kulikuwa na chumba cha wavuta sigara na sehemu ya kusimama kando ya madirisha, unaegemea reli na kutazama viboko chini. Raha kweli. Ila waliokaa humo walikuwa wakubwa wa serikali ya kikoloni, matajiri na magunia ya barua, na kwa mwenye ndege barua ndizo zilizokuwa na maana zaidi. Babu yake mzee wetu, kama alikuwepo, alikuwa ufukweni anashangaa chombo kinavyotua juu ya maji.

Vita ikaja, ikaisha, na tarehe 1 Januari 1946 likazaliwa East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Lilianza na ndege sita aina ya Dragon Rapide. Usidanganywe na jina la kutisha: ni kindege cha mbao na kitambaa, chenye mabawa mawili yaliyopandana, rubani mmoja na abiria wasiozidi wanane. Ruti ya pwani ilirukaruka kama basi la vijijini: Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam.

Baadaye zikaja DC-3, na hapa ndipo kumbukumbu za wazee wengi zinapoanzia. DC-3 ilikuwa na gurudumu dogo mkiani, kwa hiyo ikiwa chini ilikaa imeinua pua. Unaingia kwa mlango wa nyuma, halafu unapanda mlima hadi kwenye siti yako. Kina mama wenye viatu virefu walilijua hilo vizuri. Nafasi ya miguu ilikuwepo, hilo kweli. Lakini kabini haikuwa na mgandamizo wa hewa kama za sasa, kwa hiyo ndege haikuweza kupanda juu sana ya mawingu na misukosuko. Ilipita humohumo. Ukivuka Bonde la Ufa mchana, joto linapopanda kutoka ardhini, mfuko wa kutapikia ulikuwa na kazi kuliko kitambaa cha kulia chakula. Injini za pistoni zilinguruma kiasi cha kushindwa kuongea na jirani. Hapo ongeza moshi wa sigara, maana kuvuta ndani ya ndege ilikuwa ruksa. Vijisahani vya majivu kwenye maegemeo ya siti vilidumu hadi miaka ya 1990, na mpaka leo kimoja bado kimebaki mlangoni mwa choo kwa amri ya wasimamizi wa usalama: wanajua yupo mtu ambaye hatasikia, na wanataka akizime mahali salama kuliko kwenye pipa la karatasi.

Nafuu ya kweli kwa abiria wa safari za ndani ililetwa na Fokker F27, iliyoingia kwenye shirika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mabawa juu ya madirisha, madirisha makubwa ya duara refu, viti viwili kila upande, na kabini yenye mgandamizo. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida mwenye nauli, mwalimu au karani aliyetumwa kikazi, aliweza kuruka na kushuka mwanafamilia akimwuliza za safari, naye akajibu nzuri bila kudanganya.

Mgandamizo huo ueleweke vizuri. Hata leo kabini haifanywi kuwa na hewa ya pwani. Inaruhusiwa kufika hali ya mtu aliyesimama mlimani kwenye mita kama 2,400, juu kuliko Nairobi na juu kuliko Mbeya mjini. Ndiyo maana tumbo linajaa, kiatu kinabana na pakiti ya karanga inavimba. Siyo kiti peke yake kinachokuchosha.

Mwaka 1977 jumuiya ikavunjika, na shirika likavunjika nayo. Kenya ikaanzisha lake mwezi Januari, Tanzania mwezi Machi. Air Tanzania ikaja na twiga wake na Boeing 737-200 mbili zilizoitwa Kilimanjaro na Serengeti. Hapa ndipo siti ya katikati ilipoingia rasmi kwenye maisha ya msafiri wa Dar na Mwanza. 737 ina viti vitatu kila upande, na kila kimoja kina upana wa kama inchi 17, yaani sentimita 43. Umbile lile la kabini lilirithiwa kutoka ndege za Boeing za miaka ya 1950, na 737 mpya kabisa inayotoka kiwandani leo bado inalo. Watu wameongezeka unene. Bomba la ndege halijaongezeka.

Na kama kuna abiria waliowahi kuijua siti hiyo kuliko wote, ni wale waliopanda Mwanza tarehe 26 Februari 1982 wakitegemea kufika Dar jioni. Vijana wachache waliiteka ndege wakidai rais ajiuzulu. Ikaenda Nairobi, ikaenda Jeddah, ikaenda Athens, ikaishia Stansted karibu na London, na tarehe 28 ndipo watekaji wakasalimu amri. Hakuna abiria aliyeuawa. Lakini hebu fikiria: siti ya safari ya saa moja na nusu, nguo za joto la Mwanza, watoto wadogo, halafu baridi ya Februari ya Uingereza nje ya dirisha. Hadithi hii husimuliwa kama siasa tu. Wale waliokaa siku mbili bila kunyoosha miguu hawatajwi sana.

Miaka ya 1980 na 1990 siti zilibaki pana kiasi ila ndege yenyewe ndiyo haikuwa na uhakika, na nauli ilikuwa ya watu wa ofisi. Mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye duka Mwanza alipanda treni ya reli ya kati au basi, akala vumbi siku nzima na zaidi. Huyo ndiye anayesahaulika katika simulizi tamu za zamani.

Mambo yalibadilika Novemba 2012, Fastjet ilipoanza kuruka Dar es Salaam na ndege za Airbus A319. Nauli za kuanzia zilitangazwa kwa bei ambayo watu walidhani ni ya basi. Utaratibu ulikuwa mgeni: begi unalipia, maji unalipia, ukichelewa kununua bei inapanda. Ndani, daraja moja tu. A319 ikijazwa kikamilifu inabeba watu 156, na ndipo bei ile inapowezekana. Mwaka 2014 Jambojet ikaja na mtindo huohuo Kenya. Uwanjani walianza kuonekana watu wanaouliza mkanda unafungwaje, bibi mwenye khanga anayemtembelea mjukuu, wanafunzi wa chuo. Fastjet safari zake Tanzania zilisimama mwishoni mwa 2018, ila mlango ulikuwa umeshafunguliwa.

Kwa hiyo mzee akisema mnapakiwa kama dagaa, ni kweli, na huo upakiaji ndio uliomwingiza bibi ndani ya ndege. Kampuni ikipunguza inchi moja kila safu, mwishoni inapata safu nzima zaidi. Nafasi inayohesabika hapa ni ile kutoka mgongo wa siti yako hadi mgongo wa siti ya mbele. Kwenye ndege nyingi za ndani ni kama inchi 28 hadi 32. Inchi 28 ni sentimita 71, na mtu mrefu anazihisi kwenye magoti kabla ndege haijaanza kutembea. Wakaleta pia siti nyembamba zenye sponji kidogo, nyingine hazilali nyuma kabisa. Wengi huchukia hilo, lakini kwa safari ya saa moja, siti isiyolala ya mtu wa mbele ni zawadi kwako.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba aina ya ndege inaamua raha yako kuliko jina lililoandikwa ubavuni. ATR na Q400, zile za panga boi, zina viti viwili kila upande. Siti ya katikati hakuna. Kelele ziko usawa wa panga, yaani safu za mbele, kwa hiyo anayekimbilia mbele kwa ufahari anajichagulia mngurumo. Embraer 190 zinazoruka Nairobi na Mombasa nazo ni mbili kwa mbili. Ukielekea Mombasa kaa kulia, anga likiwa safi utauona Mlima Kilimanjaro. Airbus A220, ambazo Air Tanzania ilianza kuzipokea Desemba 2018, zina viti 132, viwili upande mmoja na vitatu mwingine, na aliyechora alifanya ungwana wa nadra: siti ya katikati imepewa upana zaidi, inchi 19. Kwenye Cessna Caravan ya Dar na Zanzibar sahau haya yote. Choo hakuna, mizigo inapimwa, mara nyingine na wewe unapimwa, na mwenye bahati anakaa pembeni ya rubani kwa dakika kama 20 za bahari ya kijani.

Kuna kitu kimoja ambacho hakionekani kwenye tiketi. Tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 iliyotoka Dar ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Ndani walikuwemo watu 43, 19 walifariki. Pua ilizama, mkia ukabaki juu, na wavuvi wakafika kwa mitumbwi kabla ya waokoaji wenye vifaa. Kwa wiki kadhaa baada ya siku ile, abiria walioonekana hawajawahi kusikiliza maelezo ya wahudumu walivua vipokea sauti na kutazama.

Kwenye ATR abiria wanaingia kwa mlango wa nyuma. Mbele ni mizigo, na karibu na safu ya kwanza kuna vitoleo vya dharura vidogo pande zote mbili. Sheria inataka ndege ithibitishe kwamba ikijaa watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Majaribio hayo hufanywa na watu wazima waliojitayarisha, siyo na mama mwenye mtoto mgongoni na jamaa anayetaka kwanza ateremshe begi lake la juu. Hesabu safu kutoka siti yako hadi mlango ulio karibu, mbele na nyuma. Gizani au kwenye moshi utapapasa migongo ya siti, na idadi hiyo ndiyo utakayokuwa nayo.