Moshi wa Meli Pwani ya Tanga: Kutoka Makaa ya Mawe hadi Sheria ya Salfa

Aprili 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli ya Kijerumani Rubens, ikiwa imejibadili ionekane ya Denmark, iliingia Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Ilibeba silaha na makaa ya mawe. Makaa hayo yalikuwa ya manowari Königsberg, iliyokuwa imejibanza kwenye delta ya Rufiji huku akiba yake ya makaa ikiwa imepungua. Manowari ya Waingereza, Hyacinth, iliifuata Rubens hadi ghubani na kuishambulia. Makaa hayakufika Rufiji, na Julai mwaka huohuo Königsberg ikaangamizwa.

Ndivyo bahari ilivyokuwa enzi zile: asiye na makaa hana meli. Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, meli za stima ziliongezeka katika maji yetu. Ujenzi wa reli kutoka Tanga ulianza mwaka 1893, mwaka uleule Richard Hindorf alipoleta miche ya katani Kikogwe, karibu na Pangani. Katani ikashuka bandarini, meli zikaifuata, na moshi mweusi juu ya dohani ukahesabiwa kuwa dalili ya neema.

Makaa yalipoachwa, yalikuja mafuta mazito. Haya ni masazo ya mtambo wa kusafisha mafuta: petroli, mafuta ya taa na dizeli vikishatolewa, chini hubaki uji mweusi ambao lazima upashwe moto ndipo upite kwenye bomba. Ni nafuu, na wenye meli waliupendea hilo. Lakini una salfa nyingi. Salfa ikiungua hutoa gesi inayowasha koo na kubana kifua, na ikikaa angani hugeuka chembechembe laini zinazopenya hadi ndani ya mapafu na kuingia kwenye damu. Upepo huisafirisha mamia ya kilomita, kwa hiyo moshi wa meli inayopita mbali na pwani bado huvutwa na watu walio nchi kavu.

Dunia ilichukua muda mrefu kukubali hilo. Mkataba wa MARPOL wa mwaka 1973 ulianza na mafuta na taka zinazomwagwa baharini, si hewa. Nchi za Skandinavia, ambako mvua ya asidi iliua samaki wa maziwani, zilikuwa miongoni mwa zilizodai moshi nao udhibitiwe. Mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lenye makao London, lilipitisha kiambatisho cha sita cha mkataba huo. Kilianza kutumika Mei 2005 kikiruhusu salfa isiyozidi asilimia 4.5 ya mafuta. Mwaka 2012 kiwango kilishushwa hadi asilimia 3.5, na tarehe 1 Januari 2020 kikafika asilimia 0.5.

Faida yake ni maisha ya watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature Communications ulikadiria kuwa bila sheria ya 2020, moshi wa meli ungesababisha vifo vya mapema 400,000 hivi kwa mwaka na kuwapa pumu watoto milioni 14. Sheria ikifuatwa, vifo vingeshuka hadi 250,000 hivi, na watoto wenye pumu hadi milioni 6.4. Nafuu ni kubwa, lakini mzigo uliobaki bado ni mkubwa mno.

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, dizeli ya magari imewekewa tangu mwaka 2015 kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 katika milioni. Hata baada ya sheria ya 2020, meli inaruhusiwa mafuta yenye salfa mara 100 ya hiyo. Bahari ya Baltiki, Bahari ya Kaskazini ya Ulaya na pwani za Marekani na Kanada zina kiwango kikali zaidi, asilimia 0.1, tangu 2015. Mediterania iliungana nazo Mei 2025. Pwani yetu haimo.

Sheria ina mwanya pia. Meli inaweza kuendelea kuchoma mafuta ya zamani mradi ifunge mtambo wa kuosha moshi, na mitambo mingi ya aina hiyo huyamwaga maji machafu baharini. Singapore imeyapiga marufuku bandarini kwake tangu 2020. Kwetu, baina ya Pangani na Tanga kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yenye jina la samaki, iliyoanzishwa mwaka 2009. Uchafu ulioondolewa hewani haufai kuhamishiwa kwa samaki.

Kwa nini hili lituhusu Tanga sasa? Kwa miongo mingi meli kubwa zilitia nanga takribani kilomita 1.7 kutoka gati la Tanga. Shehena ilishushwa kwenye matishari, ikavutwa na tagi hadi nchi kavu, ikapakuliwa tena. Maboresho yaliyoanza mwaka 2019 yaliongeza kina kutoka mita 3 hadi 13 na kujenga gati la mita 450. Ni maendeleo ya kujivunia. Lakini meli iliyofunga gatini haizimi kila kitu: jenereta zake huendelea kunguruma kwa ajili ya taa, pampu na majokofu. Kaskazi ikivuma, moshi huo huelekea mjini. Kusi ikishika, huelekea ng'ambo ya ghuba. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo inatazama ghuba hiyohiyo. Mtoto wa Ushongo, wilayani Pangani, akizidiwa na pumu na kupewa rufaa, huko ndiko anakopelekwa.

Na kazi inaongezeka. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, Tanga, ambako meli za mafuta zitapakia.

California ilianza mwaka 2014 kuzilazimisha meli za makontena zipunguze matumizi ya jenereta gatini, nyingi zikichukua umeme wa nchi kavu. Gati la Tanga bado jipya, na kutandika nyaya leo ni rahisi kuliko kubomoa kesho. Mamlaka ya bandari iweke umeme huo kwenye mipango yake, TASAC, shirika la uwakala wa meli, ikague mafuta ya meli bila kuoneana haya, na NEMC, baraza la mazingira la taifa, ipime hewa mwaka mzima na kuwatangazia wananchi matokeo. Kipimo cha kwanza kifungwe Bombo, kabla meli za Chongoleani hazijaanza kupanga foleni.