Majina na Vilima: Nasaba za Watu wa Gitega na Muyinga

Atakayekwenda Gitega kwa kujitolea kuandika nasaba za watu wa mji ule, awe mwalimu au kijana wa shule, atapata taabu siku ya kwanza. Mzee wa kwanza huenda akajitaja kuwa ni Nyandwi, na babaye Minani. Kwa Kirundi Nyandwi ni mtoto wa saba, na Minani ni wa nane. Majina hayo hayasemi lolote juu ya ukoo, maana kwa desturi ya Burundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na ndugu wa tumbo moja huweza kutofautiana kabisa kwa majina. Jina hueleza mpango wa kuzaliwa, ugomvi na majirani, au shukrani kwa Imana, yaani Mungu. Babaye mtoto halimtaji.

Katika mitaa ya Waswahili mambo ni kinyume. Wajerumani walipoifanya Gitega makao ya utawala wao mwaka 1912, walifuatwa na askari na wachuuzi waliosema Kiswahili. Wajukuu wa watu hao, na wa Warundi waliosilimu, hutaja nasaba kwa mnyororo: Juma bin Ramadhani bin Saidi. Ndivyo ilivyo na Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, wenye Waislamu wengi. Mnyororo huo unapendeza, lakini una kasoro yake. Aliyesilimu alijipatia jina jipya, na mara nyingi la kilima chake na la umuryango wake, yaani ukoo, yakasahauliwa. Baada ya vizazi vitatu Saidi ni Saidi tu, hata kama babaye alilima mwendo wa saa mbili kutoka hapo. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, swali la kwanza lisiwe la baba bali la kilima.

Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, yamehifadhi vyombo vya kale, lakini hayatamsaidia sana mtafutaji wa babu yake. Hata nasaba ya wafalme, ambamo majina Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa hurudi kwa zamu, ina ubishi: Jan Vansina aliitilia shaka katika kitabu chake cha mwaka 1972, na wanahistoria wengine hawakukubaliana naye. Ikiwa ya wafalme yabishaniwa, ya muuza chumvi itakuwaje?

Mwaka huo huo wa 1972 ndipo nasaba nyingi zilipokatika. Maelfu kwa maelfu waliuawa, na wengine wakakimbilia Tanzania, wakakaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Miaka mingi baadaye watoto wao waliporudi, ilikuwapo tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006. Na mtu aliyezaliwa Mishamo ilimpasa kumtaja babu ambaye hakupata kumwona, pamoja na mpaka wa shamba lake. Aliyekuwa na nasaba kichwani alikuwa na la kusema. Mwaka 2020, katika makaburi ya halaiki huko Karusi, yalifukuliwa mabaki ya watu zaidi ya 6,000.

Lakini hapana budi kukumbuka upande wa pili. Mwaka 1972 watu wengi, wakiwamo wanafunzi na watumishi wa serikali, walichukuliwa kwa kufuata majina yaliyoandikwa katika orodha. Mzee anayekataa kuutaja umuryango wake mbele ya kijana mwenye simu si mjinga wala mkaidi. Siku hizi sauti yake huweza kunaswa asubuhi na kusikilizwa Ulaya jioni kwa njia ya intaneti, naye hakuulizwa. Mwandishi wa nasaba na asome kwa sauti alichokiandika mbele ya wenye nyumba, afute wanachotaka kifutwe, kisha awaachie daftari. Yeye achukue nakala, wakimruhusu. Na jina la kilima aliandike kama wenyeji wanavyolitamka, kwa kuwa katika hati za kikoloni hata Gitega yenyewe imeandikwa Kitega.