Palizi Iliyokosa Watu: Mgomo wa Pemba Baada ya 1897

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Muhammed alitia saini amri iliyofuta utumwa kisheria katika Unguja na Pemba. Ukiisoma amri ile kwa makini utaona kuwa haikumfungulia mtu mlango moja kwa moja. Mtumwa aliyetaka uhuru ilimbidi aende mwenyewe mahakamani kuuomba. Bwana wake alilipwa fidia. Mtumwa naye, akishaachiwa, alitakiwa aonyeshe ana pa kukaa na ana njia ya kupata riziki, la sivyo angehesabiwa mzururaji na kuadhibiwa. Nyumba aliyoijenga kwa mikono yake na konde lake la muhogo vilikuwa juu ya ardhi ya bwana, na kuendelea kukaa pale kulidai malipo ya fedha au ya kazi.

Waliotunga amri hiyo walikuwa na hofu moja kubwa, nayo ni karafuu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja kwa wingi, lakini Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo kisiwa hiki cha vilima na mabonde ndicho kilichotoa sehemu kubwa kabisa ya karafuu za Zanzibar. Hazina ya Serikali ilitegemea ushuru wa zao hilo. Wenye mashamba, ambao wengi walikuwa na madeni kwa wafanyabiashara wa Kihindi, walitegemea zao hilo hilo. Watwana na wajakazi wakiondoka wote kwa siku moja, nani atabaki chini ya mikarafuu?

Hawakuondoka wote kwa siku moja. Walichofanya ni jambo ambalo maofisa wa Kiingereza walishindwa kulipa jina, na ambalo mimi naliita mgomo, tena mgomo mkuu, ingawa haukuwa na chama wala mkutano wala kiongozi wa kumtia ndani.

Kuelewa jinsi mtu mmoja alivyogoma, lazima kwanza uzijue kazi za shamba la mikarafuu. Kuna palizi na kuna uchumaji, na hizi mbili hazifanani hata kidogo. Palizi haina msimu wa furaha. Nyasi za Pemba hazichoki, mvua ya vuli na ya masika huzirudisha kila zinapokatwa, na aliye na jembe mkononi haoni matunda ya jasho lake kwa macho. Lakini shamba lisilopaliliwa huharibika: miche husongwa, ngazi hazipati pa kusimama, na karafuu inayodondoka hupotelea kwenye majani. Uchumaji ni kazi nyingine. Ni ngazi na kamba na upembo wa kuvutia matawi, ni jioni za kuchambua makonyo, ni majamvi uani, na malipo hupimwa kwa pishi. Mchumaji anajua amechuma nini, na anajua anadai nini.

Chini ya utumwa palizi ilifanywa kwa amri. Desturi iliyoenea mashambani ilikuwa siku tano za bwana, na Alhamisi na Ijumaa za mtumwa mwenyewe, kwenye konde lake. Baada ya 1897 Serikali ilijaribu kuiendeleza desturi ile kwa sura ya mikataba: aliyeachiwa huru apewe pa kukaa na kulima, na yeye amfanyie kazi mwenye shamba siku kadhaa za wiki, mara nyingi tatu. Kule Pemba msimamizi mashuhuri wa mpango huo alikuwa kamishina wa mambo ya utumwa J. P. Farler, aliyewahi kuwa padri mkuu wa misheni ya Kianglikana ya UMCA kule Magila, Tanganyika. Kwa maoni yake na ya wenzake, mtu huru asiye na mkataba alikuwa hatari.

Mikataba ikaandikwa, na jembe likagoma. Mmoja alikuja siku mbili badala ya tatu. Mwingine alikuja siku zote tatu lakini akafanya kazi ya nusu siku. Wa tatu alihamia kwa mwenye shamba jirani, aliyekuwa na nyasi nyingi na watu wachache na kwa hiyo hakuuliza maswali mengi. Wengine walivuka bahari wakaenda Unguja mjini kutafuta kazi ya uhamali. Na wapo ambao hawakukanyaga mahakamani kabisa: walibaki pale pale walipokuwa, wakapatana upya na bwana kwa maneno tu, na katika mapatano hayo siku za bwana zikawa zinapungua. Bwana naye alikubali, kwa sababu mtu akienda mahakamani ataondoka moja kwa moja.

Hapo ndipo ninapoona akili kubwa ya watu hawa. Hawakuikataa kazi yote. Walichagua ipi ya kukataa. Palizi, iliyofanana na utumwa na isiyolipa, waliitupa. Uchumaji, uliolipwa kwa pishi, waliukubali, na hapo walikuwa na nguvu ambayo hakuna sheria iliyoweza kuwanyang'anya. Tumba la karafuu halimsubiri mtu. Likishageuka rangi lazima lichumwe kabla halijafunguka ua, maana likifunguka thamani imekwenda. Mwenye shamba akibishana na wachumaji kwa wiki mbili amejiletea hasara mwenyewe. Kwa hiyo mavuno yakiwa mengi, mchumaji alihitaji kufanya jambo moja tu: kushuka ngazi, kukunja kikapu, na kwenda shamba la pili kuuliza pishi huko inalipwa ngapi. Wakifanya hivyo watu kumi, bei ya kijiji inapanda. Hawakuhitaji hata kufahamiana.

Miaka ya baadaye inathibitisha uzito wa jambo hili. Mwaka 1927 kiliundwa Chama cha Wakuza Karafuu, na sababu mojawapo kubwa ya kuundwa kwake ilikuwa tatizo la wachumaji na ujira wao. Wenye mashamba walilazimika kuungana ili wamkabili mchumaji ambaye hakuwa na chama.

Jina la mgomo mkuu nimeliazima. Huko Marekani mwanahistoria W. E. B. Du Bois, katika kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu enzi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, alitoa hoja iliyowashtua wanahistoria wa zama zake. Alisema watumwa wapatao nusu milioni walioyatoroka mashamba ya pamba wakati wa vita walikuwa wamefanya mgomo mkuu, na mgomo huo ndio ulioamua vita. Kabla yake waliitwa wakimbizi tu. Pemba haikuwa na vita, lakini hoja inatufaa. Watu ambao kumbukumbu za Serikali ziliwaita wavivu walikuwa wafanyakazi walioondoa nguvu zao mahali walipoona panawadhulumu.

Simfichi msomaji gharama yake. Tishio la kuitwa mzururaji lilikuwa la kweli, na kufukuzwa kwenye konde kulikuwa kufukuzwa na muhogo ukiwa bado ardhini. Walioumia zaidi walikuwa masuria. Amri ya 1897 iliwatoa nje ya haki ya kuomba uhuru, kwa kisingizio cha kulinda nyumba na ndoa. Mtwana aliweza kutishia kwenda mahakamani akapunguziwa siku, suria hakuwa na tishio hilo. Theodore Burtt na wamisionari wenzake wa madhehebu ya Quaker, walioanzisha misheni yao Banani karibu na Chake Chake mwaka huo huo wa 1897 ili walioachiwa wapate ardhi na kazi ya ujira, walipiga kelele dhidi ya mapungufu ya amri hiyo. Masuria walisubiri hadi amri ya 1909.

Migomo tunayoisoma zaidi ilikuja baadaye, nayo ilikuwa ya mijini. Mombasa, tarehe 13 Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi kwa siku 12, wakikusanyika mahali walipopaita Kiwanja cha Maskini, na Chege Kibachia akatokea kuwa msemaji wao. Septemba mwaka huo wakafuata makuli wa bandari ya Dar es Salaam. Agosti 1948 ikawa zamu ya makuli wa bandari ya Unguja. Mwanzoni mwa Septemba mgomo ukaenea mji mzima, Abbas Othman akiwa miongoni mwa waliouongoza, na vyakula vya mashamba vikaacha kuingia mjini. Hiyo ndiyo migomo iliyoacha majina na tarehe, kwa kuwa mjini watu walisimama pamoja wakaonekana. Lakini ukimchukua mmoja mmoja, kuli aliyebaki nyumbani Ng'ambo, mtaa wa mji wa Unguja, na mchumaji aliyeshuka ngazi Pemba walifanya kitendo kile kile. Tofauti ni kwamba kuli alijua jirani yake naye hakwenda, na kwa kujua hivyo alipata moyo. Wa Pemba alikisia tu kwa kutazama nyasi za shamba la pili.

Tabia hiyo ya kugoma kimya kimya haikufa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ikawa mnunuzi pekee wa karafuu, na tangu 1968 kazi hiyo ikafanywa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC). Bei ilipokuwa duni kupita kiasi, mkulima alishindwa kumlipa mchumaji, na mchumaji hakupanda. Karafuu zikafunguka maua mtini. Wengine wakazipakia usiku kwenda Kenya, na adhabu za magendo zilikuwa kali, lakini vyombo havikuacha kuvuka. Hakuna aliyeitisha chochote. Mwaka 2011 Serikali ikaimarisha doria baharini, na wakati huo huo ikaanza kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Msimu huo karafuu zikarudi kwenye vituo vya Shirika.